Paka Naye Huenda Shamba

Wanachama wengine watastaajabu kuona gazeti la wakulima wa karafuu likijaza kurasa zake kwa habari za paka. Lakini kila msimu unapokaribia, watu wanapoanza kufunga mizigo kwenda dago, hutufikia swali lile lile, mara kwa mdomo, mara kwa barua: nyumba tutaifunga, kuku tutamwachia jirani, je, paka? Swali hilo hatukuwa na jibu lake mpaka tulipokwenda Ifakara.

Ifakara ni mji wa Mkoa wa Morogoro, katika bonde la mto Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Sisi wa visiwani twaujua kwa mchele kuliko kwa njia. Asiyefika na ajue kwamba mtu akitoka Dar es Salaam hupita Morogoro, kisha Mikumi, kisha Kidatu penye mashamba ya miwa, na baada ya hapo bonde hufunguka mbele yake, mpunga huku na mpunga huku, mpaka macho yachoke. Tulikwenda wawili, mwezi wa Juni, wakati watu wanarudisha mavuno, na nia yetu ilikuwa kujua mchele tunaoula wauzwaje na mkulima mwenyewe. Habari hizo tutaziandika siku nyingine, maana jioni ya siku ya kwanza tu tulikwisha pata jambo jingine la kuandika.

Tulikuwa tumeketi barazani kwa kijana mmoja aliyetupokea, tukimngoja mama yake mkubwa arudi kutoka shamba. Zikatokea baiskeli tatu zinasukumwa. Ya kwanza ilibeba magunia mawili ya mpunga. Ya pili ilibeba sufuria, mikeka na majembe. Ya tatu ilifungwa matenga mawili, kila moja limefunikwa kanga kuukuu, na ndani ya tenga moja mlikuwa na kilio kirefu cha manung'uniko, hata tukadhani amebebwa mtoto mchanga.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu, karibuni sana. Msimwonee huruma huyo, ni Karani. Amelia tangu shamba, na akifika hapa atajifanya hakulia. Mwenzake amelala tangu tuvuke daraja."

Kanga zikafunuliwa. Karani akatoka, dume la kijivu lenye kifua cheupe, akajinyoosha, akatutazama kama tuliokuja kuomba kazi, akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Wa pili alikuwa jike la rangi ya kahawia yenye wekundu, na jina lake Sheshe. Sheshe ni mnyama wa jamii ya swala anayekaa katika mbuga za bonde lile, mwenye rangi hiyo hiyo, na kwa wingi wa wanyama hao Kilombero zamani ilikuwa na sifa duniani. Yule paka basi alikuwa na jina la heshima, ijapokuwa, kama mtakavyoona, tabia zake si za heshima sana.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini paka wasafirishwe. Mto Kilombero hufurika wakati wa masika, na nchi nzuri ya mpunga iko huko chini ambako maji hupanda na kushuka. Mashamba mengi yako mbali na nyumba. Kwa hiyo jamaa wengi, mvua za kwanza zinapokaribia, huhama wakaenda kukaa shambani katika vibanda vya miti na nyasi, wakalima, wakapanda, wakawinga ndege, wakalinda nguruwe, wasirudi mpaka wamevuna. Ni kama dago letu, isipokuwa dago letu ni la majuma, na lao ni la miezi. Nyumba ya mjini hubaki na mzee mmoja na watoto wanaosoma, na pengine hubaki na kufuli tu.

Bibi huyu shamba lake liko ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Zamani walivuka kwa kivuko, na alituambia kwamba safari hizo zilikuwa mateso, maana paka akisikia mngurumo wa injini hutaka kupasua tenga. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, lile liitwalo Daraja la Magufuli, watu walishukuru kwa ajili ya magari na wagonjwa na mizigo. Bibi alishukuru kwa hayo yote, na kwa ajili ya paka pia.

Lakini daraja nalo lilileta mambo yake. Mwaka wa kwanza Sheshe alipopelekwa shamba alikaa siku mbili, siku ya tatu hakuonekana. Walimtafuta katika majani, wakadhani amechukuliwa na mnyama. Siku ya nane kijana akatumwa mjini kuchukua chumvi, akamkuta amekaa mbele ya mlango wenye kufuli, amekonda, amejaa upupu na matope, anangoja afunguliwe. Pengine alivuka darajani usiku kwa miguu yake minne kama abiria wengine. Hakuna aliyemwona, lakini njia nyingine ya kuvuka hatuijui, na paka yule hapendi maji hata ya mvua.

Tukamwuliza bibi alifanyaje asirudi tena. Akasema wako watu wanaomfunika paka macho asiione njia, nao hujidanganya, kwani paka hakumbuki kwa macho tu. Yeye humchukua na kitambaa kile kile anacholalia, bila kukifua, akakitandika kibandani karibu na meko. Siku tatu za kwanza hamtoi nje. Humlisha mle mle kwa mkono wake, kidogo kidogo, mara nyingi. Siku ya nne humfungua jioni kabla hajala, chakula kikiwa tayari ndani kinanukia. "Paka akila mara moja baada ya kutembea," alisema, "amekwisha kubali kwamba hapo ni kwake." Tangu hapo Sheshe hakuvuka daraja peke yake tena.

Tulikaa katika nyumba ile siku sita, na twakiri kwamba tuliwatazama paka kuliko tulivyoutazama mpunga. Karani alipewa jina lake kwa sababu hawezi kuona kitu kinapimwa asiwepo. Mchuuzi akija na debe, yeye huja. Akikuta debe tupu huingia ndani, akajikunja akalijaza kama kwamba alifinyangwa humo, na hatoki kwa maneno. Siku moja mnunuzi alikasirika, akataka lile debe lenye paka lisihesabiwe. Bibi akamjibu kwamba halikuhesabiwa bado, ila akitaka kumnunua Karani kwa bei ya mchele atamjibu kesho. Watu wakacheka, mnunuzi naye akacheka, na bei ikapatikana upesi kuliko tulivyotazamia. Tumeona makarani wengi wa mizani katika maisha yetu ya karafuu, na si wote walioleta maelewano namna hiyo.

Sheshe kazi yake ni samaki. Kilombero ni nchi ya wavuvi, na sokoni utaona perege na kambale, wabichi na waliobanikwa. Bibi akirudi na samaki, Sheshe humpokea njiani nyumba tatu kabla, na hakosei siku. Siku ya mboga za majani hatokei kabisa. Ugali mkavu haugusi, lakini ukichovya kidole katika mchuzi wa samaki ukapitisha juu ya ugali ule ule, ataula wote. Siku ya tatu alimtwaa perege mzima kutoka kwa jirani, akampitisha mbele yetu, na jirani nyuma yake na mwiko. Bibi akalipa bila ubishi. Usiku ule tulimsimulia hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake, ile ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja: jinsi paka alivyokula ndama, na sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mpaka mwisho wake akawa nunda mla watu. Bibi alisikiliza kwa makini, kisha akasema kosa la sultani yule ni kwamba hakumpa paka kazi.

Jambo moja lilitupata sisi wenyewe. Kilombero na Ulanga ni mahali palipotangulia katika mambo ya vyandarua, maana katika miaka ya 1990 ulifanyika huko mradi mkubwa wa kuwauzia watu vyandarua vyenye dawa, na Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, inajulikana ulimwenguni kwa kazi ya malaria. Hakuna mtu Ifakara alalaye bila chandarua kwa kupenda. Basi sisi tulitandikiwa kitanda chenye chandarua kizuri, tukalala. Usiku wa manane tukahisi kitu kizito kinatushukia usoni polepole. Alikuwa Karani. Amepanda kabatini, akaruka juu ya chandarua, akakifanya susu yake, nacho kikanyooka mpaka tumbo lake likawa juu ya pua zetu, anakoroma kwa raha. Asubuhi bibi alikagua, akatoa sindano na uzi. Chandarua kile kilikuwa na viraka kumi na kimoja, na vyote, alisema, ni saini ya Karani.

Na viatu navyo. Mgeni wa nyumba yenye paka na atikise viatu kabla ya kuvaa. Siku ya pili tulikuta mkia wa panya, siku ya nne mjusi mzima, amewekwa vizuri ndani kama zawadi. Wenye elimu ya wanyama hawakubaliani sana juu ya maana ya jambo hili. Bibi hana shaka: paka akiona mtu mzima hawezi kuwinda humhurumia.

Sasa tuje kwa panya, maana mwanachama mwenye moyo mgumu atasema paka huwekwa kwa ajili ya panya, hadithi zimetosha. Panya wa mashamba ya Morogoro ni adui wa kweli. Yule aitwaye panya shamba huzaa watoto kama kumi na mmoja kwa mimba moja, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kimefanya uchunguzi wa miaka mingi juu yake, kwa kuwa mvua zikija kwa mpango fulani huongezeka hata akafukua mbegu za mahindi zilizopandwa jana. Paka hawezi kumaliza panya wa shamba zima, na anayemwambia mkulima hivyo anamdanganya. Nyumbani na ghalani ni habari nyingine. Uchunguzi uliofanywa Eswatini na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba panya walipungua kutembea katika nyumba zilizokuwa na paka na mbwa pamoja, na paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti kubwa. Bibi tulipomwambia hayo hakupendezwa. Mbwa hana, na hataki.

Karani si paka wa kwanza kulala juu ya magunia yale. Kabla yake palikuwa na jike jeusi, mama yake Sheshe, aliyekaa na bibi miaka tisa, akaenda shamba na kurudi mara zote hizo. Msimu mmoja, mpunga ulipokwisha kuvunwa na kurundikwa, jirani wa kibanda cha pili aliona panya wamezidi, akanunua sumu sokoni, akaichanganya na dagaa. Hakumwambia mtu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaokoa chakula cha watoto wake. Paka hakugusa dagaa wale. Alikamata panya aliyekuwa akitembea kwa kulegea mchana kweupe, panya rahisi, akamla. Siku ya tatu alikuwa hali, ufizi umekuwa mweupe, na alikwenda kujificha chini ya dungu. Bibi alimfunga katika kanga ili ampeleke mjini, wakamaliza mwendo wote mpaka darajani, akafia hapo.

Bibi hakulia mbele yetu alipokuwa akisimulia. Alisema tu kwamba msimu uliobaki hakumsalimu jirani yule, na kwamba hilo ndilo linalomwuma sasa, kwani kibanda na kibanda ni hatua ishirini na walikuwa wakikopeshana moto. Walipokwisha rudi mjini, jioni moja jirani alikuja amebeba kikapu, akakiweka barazani, akasema "Nisamehe, dada," akaondoka. Ndani yake alikuwa Karani, mkubwa kidogo kuliko ngumi ya mtu.

Namna sumu ile inavyofanya kazi yatupasa kuijua, maana huku kwetu nayo huuzwa. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya hafi papo hapo, huishi siku kadhaa akilegea, na sumu imebaki katika ini lake. Paka akimla huipata, na huvuja damu ndani kwa ndani bila jeraha la kuonekana. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo hupewa vitamini K na aweza kupona, lakini ni lazima awahishwe kabla hajalala chini. Kwa hiyo anayetaka kuweka sumu na awaambie jirani zake, na mizoga aifukie kila asubuhi. Mtego wa waya au wa mbao haumwui paka wa mtu.

Liko na jambo letu wenyewe ambalo bibi wa Ifakara hana haja nalo, kwani yeye hana mikarafuu. Sisi mafuta ya karafuu na ya makonyo twayapaka kwa jino, kwa mbu, kwa viungo vinavyouma. Wako wenzetu ambao wakiona paka ana kidonda au viroboto humpaka yayo hayo kwa mapenzi. Msifanye hivyo. Kiini cha mafuta yale ni eujenoli, na ini la paka halina uwezo kama letu wa kuivunja na kuitoa mwilini. Akipakwa huramba manyoya yake, akaimeza yote. Atatoka udenda, atapepesuka, ini litaharibika, na aweza kufa. Dawa za viroboto za mbwa zenye pemetrini nazo humdhuru kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Karafuu zenyewe juani si hatari kubwa hivyo, na paka wengi huzikimbia kwa ukali wa harufu, ila hupenda ukingo wa jamvi lililopata jua. Mfukuzeni kwa upole, si kwa sababu yake, bali kwa sababu ya manyoya katika karafuu.

Na chanjo. Watu wa Pemba na watu wa Kilombero walikuwa katika mpango mmoja bila wengi kujua. Kuanzia mwaka 2010 wilaya 28 za kusini mashariki ya Tanzania, Pemba ikiwamo, zilifanyiwa kampeni za kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa. Pemba ugonjwa ulikwisha mwaka 2014. Chanjo ikalegea, na mwaka 2016 ukarudi kutoka bara, ukaua watu, mpaka ulipokomeshwa tena Oktoba 2018 baada ya chanjo kurudishwa. Wataalamu wa Ifakara walikuwa miongoni mwa walioufuatilia mbwa kwa mbwa, mtu kwa mtu. Paka nao huupata wakiumwa na mbwa mgonjwa, na paka atembeaye kati ya nyumba na dago hukutana na wengi. Bwana Mifugo akitangaza siku ya chanjo, mpelekeni paka katika kikapu. Mtu akiumwa au kuparurwa na mnyama wa kutiliwa shaka, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona itakuwaje.

Siku ya kuondoka tulipewa mchele kilo kumi, nao ulipimwa mbele ya Karani. Bibi akatusindikiza mpaka penye mabasi. Njiani akauliza swali ambalo siku zote sita hakuuliza.

"Na nyinyi wanangu, paka wenu mmemwachia nani?"

Tukasema mmoja wetu hana, na mwingine amemwachia jirani pamoja na fungu la dagaa.

"Anamjua jirani?"

"Anamjua, bibi."

"Kumjua mtu na kulala kwake ni mambo mawili," akasema, akapandisha mfuko wetu garini.

Tuliporudi nyumbani, paka alikuwa ukutani. Alituona tukifungua mlango, akageuka akatupa mgongo. Dagaa wa jirani, tuliambiwa, alikuwa akila usiku watu wakilala, na mchana kutwa yuko pale pale ukutani akitazama kufuli. Siku mbili hakuingia chumbani. Tulimpikia mchuzi wa changu, akala na kuondoka bila neno. Asubuhi ya siku ya tatu tulivaa viatu kwenda shambani, na katika kiatu cha kulia mlikuwa na mjusi.

Tenga tumekwisha nunua. Kanga yake anayolalia haitafuliwa mpaka dago.